Harry Smith: zile nyimbo 84 ni mkusanyiko wa muziki au ni filamu?

#1 — Msikilizaji wa Usiku (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Harry Smith, Mmarekani aliyezaliwa Portland, Oregon, mwaka 1923 na kufariki New York katika Chelsea Hotel mwezi Novemba 1991, anakumbukwa na makundi mawili yasiyosemezana. Wapenzi wa muziki wanamjua kwa Anthology of American Folk Music, mkusanyiko wa nyimbo 84 uliotolewa na kampuni ya Folkways mwaka 1952. Wapenzi wa filamu za majaribio wanamjua kwa picha alizozichora kwa mkono juu ya ukanda wenyewe wa filamu, bila kutumia kamera. Kila kundi linauona upande wa pili kama mambo ya pembeni ya mtu mwenye vituko.

Hoja yangu ni kwamba hakuna pande mbili. Ule mkusanyiko ni filamu yake kubwa kuliko zote, ila imetengenezwa kwa sauti za watu wengine. Sikilizeni nyimbo za mwisho za sehemu ya kwanza, ile ya hadithi zinazoimbwa. Frankie anamuua mpenzi wake. Meli kubwa inazama. Treni inapata ajali, katika wimbo wa kundi la Carter Family, na mara inafuata ajali nyingine ya treni, safari hii ikiimbwa na Furry Lewis. Kisha mpangaji wa shamba ananyonywa na mwenye ardhi, mdudu anakula pamba, na mwishowe mkulima anasema amechoka na kilimo. Hakuna mtangazaji anayeeleza chochote, lakini ukizisikiliza kwa mfululizo unaona nchi nzima ikiporomoka mbele ya macho yako. Huo ni uhariri wa filamu, na ndiyo maana nyimbo hizo ziliwashika watu namna ile.

Nakaribisha maoni, hasa ya wanaopinga.

#2 — Fundi Redio

Ahsante kwa mada, mkuu. Napinga, na sababu yangu iko kwenye mashine.

Smith alichagua rekodi zilizotoka kati ya 1927 na 1932, na si kwa ndoto. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ziliacha kurekodi kwa kuimbia ndani ya pembe kubwa na kuanza kutumia maikrofoni na umeme, hivyo kufikia 1927 gitaa la kawaida na sauti ya mtu asiyepaza zilianza kusikika vizuri kwenye santuri. Mwaka 1932 Mdororo Mkuu wa uchumi ulikuwa umekwisha kuua soko la santuri za wakulima na wafanyakazi. Katikati ya miaka hiyo kuna dirisha dogo ambamo kampuni ziliwarekodi watu wengi wa kawaida kwa sababu zilikuwa zinatafuta wateja kila kona. Kisha mwaka 1948 ikaja santuri ndefu ya mwendo wa 33 (mizunguko kwa dakika), ambayo upande wake mmoja unabeba zaidi ya dakika 20, wakati santuri ya mwendo wa 78 inabeba takriban dakika tatu. Bila santuri ndefu hakuna mfululizo wa nyimbo, na bila mfululizo hakuna "filamu" unayoisema. Smith alikuwa na sikio zuri na akakutana na chombo kipya kwa wakati wake.

#3 — Pwani Kaskazini

Nadhani mnasahau jasho la mtu huyu. Alizunguka milimani na kwenye mashamba ya pamba akiwa na kinasa sauti, kijiji kwa kijiji, kama Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alivyozunguka kwetu Kenya na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950. Urithi wake ni kule kuwafikia watu ambao hakuna aliyewafikia.

#4 — Mtunza Kumbukumbu

Ndugu wa #3, hapo tusahihishane. Hakuna hata wimbo mmoja kati ya 84 ambao Smith aliurekodi mwenyewe. Zote zilikuwa santuri za biashara, zilizowahi kuuzwa madukani, naye alizinunua kuukuu zikiwa zimetupwa na wenyewe. Nyingi alizipata wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambapo santuri zilikuwa zinakusanywa ili malighafi yake iyeyushwe kwa mahitaji ya vita. Alipofika New York akiwa hana fedha, alimpelekea Moses Asch wa Folkways mkusanyiko wake ili auuze, na Asch ndiye aliyemshauri atengeneze kwanza toleo la nyimbo teule.

Hata hivyo umegusa jambo la kweli bila kulikusudia. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari katika jimbo la Washington, Smith alikuwa akienda kwa Walummi, wenyeji asilia wa huko, ambako mama yake aliwahi kufundisha, na huko ndiko alikorekodi nyimbo na sherehe zao na kuandika maelezo yake. Baadaye, mwaka 1964, alirekodi nyimbo za ibada za Wakiowa, wenyeji asilia wengine, huko Oklahoma, zikatolewa na Folkways mwaka 1973. Kwa hiyo mimi nasema ufunguo si filamu wala mashine. Ufunguo ni kwamba kabla ya kuwa msanii alikuwa mwanafunzi wa mila za watu, akazisikiliza santuri za nchi yake kama mgeni anayesikiliza ibada ya kabila asilolijua.

#5 — Pwani Kaskazini

Nimesahihishwa na nimekubali, ahsante mkuu. Ila nabaki na swali: kama alinunua tu, basi kazi yake ni nini hasa ambayo muuza santuri kuukuu hakuifanya?

#6 — Binti wa Fumba

Hodi jamvini.

Mmetaja miaka ya 1927 hadi 1932, nami siwezi kupita kimya. Mwaka 1928, ambao Mississippi John Hurt anarekodi "Frankie", ule wimbo aliougusa mleta uzi, Siti binti Saad wetu alipanda meli kutoka Unguja na kundi lake kwenda Bombay kuimba mbele ya maikrofoni ya kampuni ya His Master's Voice. Mashine zilikuwa za kizazi kilekile na nia ya kampuni ilikuwa ileile: kuwauzia watu wa mbali sauti zao wenyewe. Hivyo anachosema Fundi Redio kuhusu dirisha dogo ni kweli, na dirisha hilo halikuwa la Marekani peke yake.

Lakini tazameni tofauti. Siti aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert. Tunajua alizaliwa wapi, aliuza vyungu, alifundishwa na nani, alitukanwa nini. Hawa waimbaji 84 wa Smith (najua baadhi wanarudia, msinisahihishe) walipewa mistari michache katika kijitabu kilichoambatana na santuri, iliyoandikwa kama vichwa vya habari vya gazeti. Wimbo wa chura aliyemposa panya umeelezwa kama habari ya ndoa ambayo jamaa wameiridhia. Nacheka ninapousoma, lakini baadaye najiuliza mwimbaji mwenyewe, Chubby Parker, yuko wapi. Mkusanyaji amekuwa maarufu kuliko wenye sauti. Mimi huo siuiti urithi mpaka nione wasifu wao.

#7 — Msomi wa Picha

Mleta uzi, nakubaliana nawe nusu, na nusu ninayoikataa ndiyo kubwa.

Niliwahi kupata bahati ya kutazama Heaven and Earth Magic, filamu yake ya saa moja na dakika sita, katika darasa la jioni. Ni vikaragosi vya karatasi vilivyokatwa kutoka katalogi na vitabu vya karne ya 19, vyeusi na vyeupe juu ya giza, vikitembea, vikivunjika na kuungana upya. Tulikuwa watu kumi na wawili. Saba waliondoka kabla ya mwisho. Nilibaki, si kwa sababu nilielewa hadithi, bali kwa sababu kila kitu kilichopotea kwenye pazia kilirudi baadaye kikiwa sehemu ya kitu kingine: nyundo, tikiti maji, mifupa ya farasi.

Filamu zake za awali ni kazi ya mikono zaidi. Alibandika viduara vya karatasi yenye gundi kwenye ukanda wa filamu wa milimita 35, akanyunyiza rangi, akapaka vaselini mahali alipotaka rangi ya pili isishike, akabandua vile viduara, akanyunyiza tena. Anayejua kutengeneza batiki atamtambua mara moja: nta inazuia, rangi inapita, kisha nta inatolewa. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na kila moja ni ndogo kuliko stempu ya barua.

Sasa mtu anayefanya kazi hivyo hasimulii anguko la nchi. Anazuia hapa, anaachia pale, na umbo linatokea lenyewe. Ndivyo alivyofanya kwa nyimbo. Wewe umeona hadithi kwa sababu macho yako yanatafuta hadithi, mkuu, na wala si kosa.

#8 — Kalamu ya Babu

Mbona maelezo ni mepesi kuliko yote haya? Sehemu ya kwanza imepangwa kwa tarehe. Zinaanza hadithi za kale zilizotoka Uingereza na Uskochi, zinafuata za Marekani kwa mpangilio wa matukio. Mtu wa mila za watu hupanga hivyo. Tusimpe uchawi asiokuwa nao.

#9 — Msikilizaji wa Usiku

Mzee wangu Kalamu ya Babu, mwanzo wa sehemu hiyo uko kama unavyosema, lakini mwisho wake unakukana. Titanic ilizama 1912. Ajali inayoimbwa na Carter Family, ile ya Engine 143, ilitokea 1890, na dereva Casey Jones, anayeimbwa na Furry Lewis, alikufa 1900. Kama mpangilio ni wa tarehe, meli ingekuja baada ya treni zote mbili, ilhali imewekwa kabla. Tena, rais McKinley wa Marekani alipigwa risasi 1901, na wimbo wake umetangulia vyote hivyo. Mtu aliyejua tarehe hizi, na Smith alizijua kwa sababu aliziandika kwenye kijitabu, amezivunja makusudi.

Msomi wa Picha, umenigusa pabaya kuhusu kutafuta hadithi. Nitakaa nalo.

#10 — Kalamu ya Babu

Tarehe umenishinda, nakiri. Lakini kuvunja tarehe ili ajali zikae na ajali ni kazi ya karani mwenye mafaili, si lazima iwe ya mtengeneza filamu.

#11 — Mwana wa Mto

Naona wote mnazunguka jambo kubwa kuliko yote. Kampuni za wakati ule ziliuza muziki kwa orodha mbili: moja ya Weusi, nyingine ya Weupe wa milimani. Smith alizichanganya na hakuandika popote mwimbaji ni wa rangi gani. Ile ajali ya treni ya Carter Family, ambao ni Weupe wa Virginia, na ile ya Furry Lewis, Mweusi wa Memphis, zimeketi bega kwa bega. Smith mwenyewe alieleza kwa fahari kwamba ilipita miaka kabla watu hawajatambua kuwa Mississippi John Hurt hakuwa Mweupe wa milimani. Fikirini mwaka 1952, miaka miwili kabla Mahakama Kuu ya Marekani haijapiga marufuku ubaguzi mashuleni! Mimi sihitaji filamu wala batiki kunieleza kwa nini mkusanyiko huu una nguvu.

Na John Hurt huyohuyo alipatikana mwaka 1963 akiwa hai, kijijini Avalon, Mississippi, akapanda majukwaani uzeeni. Dock Boggs, mchimba makaa ya mawe, naye alifuatwa na mwanamuziki Mike Seeger mwaka huohuo. Hao walirudishiwa uhai, Binti wa Fumba, kwa sehemu kutokana na santuri hizi.

#12 — Binti wa Fumba

Nimekusikia, kaka, na kwa John Hurt nafurahi kwa dhati. Lakini kutoitaja rangi ya mtu kunaweza kuwa heshima, na kunaweza kuwa kumfuta. Msikilizaji wa 1952 aliyedhani John Hurt ni Mweupe hakumheshimu mtu Mweusi. Alimheshimu mtu asiyekuwepo.

Kuna jingine. Mwaka 2020 kampuni ya Dust-to-Digital ilitoa pande za pili za zile santuri za Smith, maana kila santuri ina pande mbili naye alitumia upande mmoja. Nyimbo tatu wakaziacha kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya kuwadhalilisha Weusi. Kwa hiyo ile nchi ya udugu tunayoisikia ni upande uliochaguliwa. Ukiigeuza santuri, unakutana na nchi nyingine.

#13 — Mtunza Kumbukumbu

Hapo umesema neno zito, dada. Hata hivyo kuchagua upande si kuficha. Wale waliozitoa pande za pili na kuacha tatu ndio walioficha, kwa nia njema; mimi ningezitoa na maelezo kamili.

#14 — Binti wa Fumba

Ungezitoa, na mjukuu wa aliyetukanwa angezisikia. Hapo hatutakubaliana, na tusilazimishane.

#15 — Fundi Redio

Mbona hakuna anayeuliza nani alilipwa? Rekodi zile zilikuwa mali ya kampuni kama Columbia na Victor. Folkways ilizitoa 1952 bila idhini yao. Asch aliona kwamba kampuni iliyoacha kuuza sauti ya mtu kwa miaka 20 haina haki ya kuizuia isisikike. Kama fundi aliyeona kanda nyingi zikirekodiwa juu kwa sababu ofisi fulani haikuwa na bajeti ya kanda mpya, moyo wangu uko na Asch. Lakini waimbaji wa toleo lile hawakupata chochote. Mambo yaliwekwa sawa kisheria baadaye, baada ya Smithsonian kuichukua Folkways mwaka 1987 na kuutoa upya mkusanyiko kwenye sidii sita mwaka 1997. Tazameni na hili: Ralph Rinzler, aliyesimamia ununuzi ule, ndiye aliyewahi kumtambua Clarence Ashley, mwimbaji wa "The Coo Coo Bird", kwenye mashindano ya wapiga fidla mwaka 1960, kwa kuwa alikuwa amemsikia kwenye mkusanyiko wa Smith.

#16 — Nyasi za Kericho

Nimesoma tangu #1 na nina mchango mmoja. Huko Bristol, Tennessee, mwaka 1927, Carter Family walirekodi "Single Girl, Married Girl", ambao Smith aliuchukua. Siku zilezile, mahali palepale, alirekodiwa kwa mara ya kwanza Jimmie Rodgers, mwimbaji wa muziki wa country. Smith hakumchukua. Lakini santuri za Rodgers zilifika kwetu Ukipsigis, na Tracey alipokuja 1950 aliwakuta wasichana wa Kapkatet wakimwimba kwa jina la Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala. Nilipokuwa mdogo bibi yangu alilitamka jina hilo kama jina la Kikalenjin la siku zote, wala sikujua lilivuka bahari.

Ninachosema ni kwamba wasichana wale nao walifanya kazi ya Smith. Walisikia sauti isiyo na maelezo, bila sura wala rangi, wakaitengenezea ulimwengu wake. Yeye naye aliweka kwenye jalada mchoro wa kale wa Robert Fludd, Mwingereza mwanafalsafa wa mambo ya siri, mkono wa mbinguni ukikaza uzi wa ala ya muziki ya ulimwengu, na kila sehemu akaipa rangi yake na asili yake: hewa, moto na maji. Kuna wanaosema hiyo alkemia, elimu ya kale ya siri za maumbile, ilikuwa pambo. Mimi naichukulia kwa uzito, maana wazazi wake walikuwa watu wa Theosofia, imani inayotafuta hekima ya siri ndani ya dini zote, na alikua ndani ya imani hizo.

#17 — Msomi wa Picha

Nyasi za Kericho, ahsante sana. Sikuwahi kuiona Chemirocha kwa jicho hilo.

Kuhusu jalada, katika miaka ya 1960 Folkways walimwondoa Fludd wakaweka picha ya mkulima maskini iliyopigwa na mpiga picha Ben Shahn. Ilikuwa picha nzuri yenye nia nzuri, lakini ilimwamuru msikilizaji aone umaskini kabla hajasikia chochote.

Naongeza upande ambao wapenzi wake hatupendi kuutaja. Smith alikunywa, alikopa bila kulipa, aliharibu baadhi ya kazi zake kwa hasira. Alipokuwa Oklahoma mwaka 1964 kodi haikulipwa, na vitu vyake vikatupwa. Tulichonacho ni mabaki. Alikusanya hata ndege za karatasi zilizookotwa kwenye mitaa ya New York, akiandika juu yake tarehe na mahali. Mtu aliyeandika tarehe kwenye ndege ya karatasi na kuziharibu filamu zake mwenyewe hawezi kuelezwa kwa sababu moja.

#18 — Pwani Kaskazini

Basi swali langu la #5 limejibiwa mara nne kwa majibu manne. Nina la kuomba. Hapa Tanga nyumbani kwa marehemu mjomba kuna sanduku la santuri 31 za mwendo wa 78. Zimeshika ukungu. Lebo nyingi zimeliwa na mende. Mleta uzi atasema nizipange kwa hadithi, Kalamu ya Babu atasema kwa tarehe. Mimi kwanza nataka zisife. Nianzie wapi?

#19 — Fundi Redio

Usiguse spiriti kabisa, wala manukato yenye spiriti. Malighafi ya santuri hizo ni shelaki, na spiriti inaiyeyusha kama chumvi kwenye maji. Tumia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tone moja la sabuni ya maji, na kitambaa laini. Futa kwa kufuata mifereji, usikate katikati yake. Lebo isipate maji. Zisimamishe wima zikauke kivulini. Usizicheze kwa sindano ya santuri ndefu, ni nyembamba mno na inatambaa chini ya mfereji. Tafuta ya 78.

Kabla ya yote, piga picha lebo. Hata zilizoliwa. Namba iliyochongwa karibu na lebo mara nyingi hubaki, nayo hueleza mengi kuliko jina.

#20 — Mtunza Kumbukumbu

Na uandike zilivyokuwa zimepangwa ndani ya sanduku kabla hujazitoa. Huo ni mpangilio wa mjomba wako.

#21 — Binti wa Fumba

Andika na jina la mjomba.

#22 — Pwani Kaskazini

Nimefanya hivyo. Hadi jioni hii nimeosha nne. Moja imepasuka kutoka ukingoni hadi katikati, nimeiweka kando. Ya tatu haina lebo upande wowote, ina namba tu, na ndani yake kuna mwanamke anaimba na udi na fidla nyuma yake. Mama amekaa akaisikiliza mpaka mwisho. Amesema sauti anaijua, aliisikia kwao akiwa mtoto, ila jina halimjii. Kesho asubuhi nitamchezea tena kabla hajachoka, na upande wa pili pia.